Vituo vya redio vyenye namba 80 Mei 2025: ni vya nini, na msikilizaji tu anaweza kuomba kadi?

Waya_Mwembeni (Tanga)

Habari zenu humu, wakubwa shikamooni.

Mimi sirushi, nasikiliza tu. Nina Tecsun PL-330 na waya wa shaba niliouvuta kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe wa jirani. Jirani anaamini ni kamba ya kuanikia nguo, nami sijamsahihisha. Jioni baada ya kazi huwa nazunguka bendi ya mita 20, kuanzia 14.150 kwenda juu, nikiwasikiliza wanaredio wa ridhaa wakiitana.

Kolisaini za kawaida, yaani majina ya vituo ya herufi na namba, nimezizoea: 5H3 na herufi zake kwa hapa nyumbani, 5Z4 kwa Kenya, A41 kwa Oman, na za Wajerumani zinazoanza na D. Mwanzoni mwa Mei 2025 bendi ikajaa kolisaini ndefu ajabu, namba 80 katikati, kisha mkia wa herufi unaofanana na neno. Nyingi zilitoka Uholanzi, nyingine Ubelgiji. Halafu kulikuwa na kundi la Warusi ambao kolisaini zao zote zilianza na RP.

Kilichonifanya niandike ni cha tarehe 4 Mei. Kuna bwana wa Uholanzi alikuwa na foleni ya watu wanamwita, Wataliano, Wahispania, mtu wa Israeli, yaani wanapandana juu kwa juu. Ilipokaribia saa tatu usiku kwa saa zetu akasema kwa Kiingereza kwamba wananyamaza dakika mbili. Nikajua sasa mwingine atarukia masafa, maana watu wa bendi hiyo hawana subira hata ya sekunde tano. Hakuna aliyerukia. Kisha akarudi, akaendelea na foleni yake kama kawaida.

Nauliza: hivi vituo vinaendeshwa na nani, serikali au watu binafsi? Mbona vingine nilivisikia hata Septemba mwaka wa nyuma, kama ni sherehe ya Mei? Na mtu kama mimi, asiye na leseni, akiomba kadi (ile ya kuthibitisha kwamba alikisikia kituo) watamjibu au watamcheka?

---

Bi_Masafa (Gelderland, Uholanzi, kwetu Pangani)

Mdogo wangu wa Tanga, karibu. Hakuna wa kukucheka, na nitakwambia kwa nini wewe msikilizaji ndiye hasa anayepaswa kuandika. Subiri nifike huko.

Wanaoviendesha ni watu binafsi na vilabu vyao. Serikali inatoa kibali cha kolisaini tu, basi. Huku kibali kinatoka kwa mamlaka ya masafa inayoitwa RDI, kama ninyi mlivyo na TCRA. Unaomba kolisaini maalumu kwa muda fulani, unaeleza sababu, unapewa. Kila nchi na mtindo wake. Waingereza wana GB. Wafaransa wana TM, na hiyo unapewa siku 15 tu za kuwa hewani, ndiyo maana ukisikia TM yoyote usiseme utaifuata kesho. Hao RP wa Urusi hutokea kila mwaka siku za kwanza za Mei hadi tarehe 9, siku yao ya ushindi. (Wapo siku hizi wasiowajibu kwa sababu ya vita vya Ukraine. Siwalaumu. Wapo pia wanaowajibu kwa sababu babu zao walikuwa upande mmoja. Hewani hilo halijadiliwi, na ni vizuri lisijadiliwe.)

Namba 80 ni miaka tangu 1945, hilo umeshaling'amua. Kuhusu Septemba: Uholanzi haikukombolewa siku moja. Wamarekani waliingia kijiji cha Mesch, kusini kabisa, tarehe 12 Septemba 1944, na Maastricht siku mbili baadaye. Eindhoven tarehe 18. Breda ilikombolewa na Wapolandi wa Jenerali Maczek tarehe 29 Oktoba. Halafu mambo yakakwama mtoni, baada ya daraja la Arnhem kushindikana kutekwa. Upande wa magharibi, Amsterdam na Rotterdam na The Hague, ulibaki mikononi mwa Wajerumani mpaka Mei 1945, na majira ya baridi yale watu kama 20,000 walikufa kwa njaa. Kisiwa cha Texel kilingoja hadi tarehe 20 Mei. Kwa hiyo kila mji una tarehe yake, na klabu ya mji ikiwa na watu wachangamfu itaomba kolisaini ya tarehe yao, si ya taifa. Ulichosikia Septemba 2024 ni watu wa kusini.

Sasa zile dakika mbili. Tarehe 4 Mei saa mbili usiku ya huku, ambayo kwenu ni saa tatu, nchi nzima inanyamaza kuwakumbuka waliokufa. Treni zinasimama. Tarehe 5 ndiyo ya furaha. Huku hakuna anayeruka moja kwa moja kwenye furaha bila kupitia jana yake, na kituo cha kumbukumbu kisichonyamaza saa hiyo kingesemwa vibaya mwaka mzima. Wale Wataliano na Wahispania walionyamaza ni adabu yao tu, maana hakuna sheria ya redio inayowalazimisha.

Mimi nilikuwa zamu tarehe 5 kwenye kituo cha namna hiyo, katika mji mdogo kando ya mto Rhine. Si mbali na Wageningen, palipo na Hotel de Wereld, ambako siku hiyo ya 1945 Jenerali Foulkes wa Kanada alikaa meza moja na Jenerali Blaskowitz wa Ujerumani kupanga jeshi lake lisalimu vipi amri. Usidhani tulikuwa na studio. Hema, meza mbili za kukunja, waya wa antena (daipoli) uliofungwa kwenye nguzo ya bendera na mti wa mlozi, mtambo wa wati 100, na chai ya kwenye chupa ambayo mimi peke yangu naona haina sukari.

Pembeni mzee mmoja wa klabu alileta redio ya vita yenyewe, Wireless Set No. 19, ile ya kwenye vifaru vya Waingereza na Wakanada. Ni boksi la chuma la kijeshi, zito la kuvunja mgongo, na maandishi yake ni ya lugha mbili, Kiingereza na Kirusi, kwa sababu nyingi zilitengenezwa Kanada na nyingine zikapelekwa kwa Wasovieti. Inapokea kuanzia megahezi 2 hadi 8, kwa hiyo bendi za mita 80 na 40 zimo. Inakula volti 12 za betri ya gari, halafu ndani ya kifaa chake cha umeme kuna dainamo inayozigeuza kuwa mamia ya volti kwa ajili ya valvu. Ukiiwasha inalia kama mashine ya kusaga ya sokoni. Vijana waliokuja kutazama walifurahia kelele ile kuliko lolote tulilowaeleza. Mzee akapiga AM kwenye mita 80, akajibiwa na mwenzake wa Ubelgiji mwenye boksi kama hilohilo, na sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini nene, ya kifuani. Hizi redio zetu za sasa zinasema safi, ila hazina kifua.

Sasa lile la msikilizaji. Watu wengi wakisikia habari za redio na vita wanafikiria jasusi aliyejificha darini na mtambo wake, anapiga Morse kwenda London. Walikuwepo, na wengi wao waliishia pabaya. Lakini walikuwa wachache. Walio wengi hawakurusha neno hata moja. Walisikiliza. Tangu Julai 1940 serikali yao iliyokimbilia London ilikuwa na kipindi kwenye mitambo ya BBC, Radio Oranje, na kukisikiliza ilikuwa kosa. Mei 1943 Wajerumani wakaamuru kila mtu asalimishe redio yake. Watu wakafanya alichofanya binadamu siku zote: wakapeleka ile mbovu ya stoo, nzuri wakaizika chini ya sakafu. Umeme ulipokatwa magharibi mwishoni mwa 1944, wakatengeneza redio za kioo, zile zisizohitaji umeme wala betri, waya mrefu na kisikilizio basi. Usimtazame jirani yako kwa jicho la kumdharau: kuna Waholanzi ambao waya zao za kuanikia nguo zilikuwa antena kwelikweli.

Ninafanya kazi ya kuwahudumia wazee. Kuna bibi mmoja hapa aliyekuwa mtoto wa miaka minane hivi wakati ule. Aliniambia kazi yake nyumbani ilikuwa kukaa ngazini na mwanasesere, na mtu akigonga mlango aanze kulia kwa sauti kubwa ili baba aliyeko chini kwenye makaa apate nafasi. Anasema alijifunza kulia bila machozi na hajawahi kusahau ufundi huo, mpaka leo anautumia kwa wauguzi wapya.

Kwa hiyo mtu wa Tanga anayekaa dirishani na kipokezi kidogo na waya juu ya mwembe, asiyerusha lolote, kwenye maadhimisho haya wewe ndiye unayefanana na waliokuwepo. Sisi wenye wati 100 tunafanana zaidi na jeshi. Omba kadi yako bila haya.

Namna ya kuandika ripoti: tarehe, saa kwa UTC, saa ya dunia (toa tatu kwenye saa ya Afrika Mashariki), masafa, kama ni SSB (sauti) au Morse, ulimsikia kwa nguvu gani, na la muhimu kupita yote, ulimsikia akizungumza na kolisaini gani. Hiyo ndiyo inayothibitisha kwamba ulisikia kweli, wakiangalia daftari lao wataona. Usiandike "nilikusikia Mei, naomba kadi". Tafuta ukurasa wa kituo kwenye QRZ, tovuti ya wanaredio, wengi huandika hapo wanataka kadi zipite njia gani.

---

MtuWaNakuru

Nimesoma yote kwa makini na naheshimu. Lakini acha nilete ubishi kidogo.

Ukombozi wa nani? Tarehe 8 Mei 1945 Paris wanacheza barabarani, siku hiyohiyo Sétif kule Algeria watu walioandamana na bendera yao wanapigwa risasi, na yaliyofuata wiki zile ni mauaji ya maelfu. Askari wetu wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki, walirudi kutoka Burma wakakuta kipande, kitambulisho cha mkoloni, kiko palepale shingoni. Nikisikia kituo cha Ulaya kinaniambia "miaka 80 ya uhuru", mimi wa hapa Nakuru nijibu nini? Five-nine (yaani nakusikia safi kabisa) na asante?

Na pili, hata kama tungetaka kuwa na vituo vyetu, tungekumbuka tarehe ipi? Vita ile kwetu ni picha za wazungu kwenye runinga.

---

Bi_Masafa

Kaka wa Nakuru, ubishi wako nimeupenda na sina nia ya kuuzima. La kipande ni kweli tupu.

Ila la pili sikubali. Tarehe ipo, na ni hiihii: 5 Mei. Tarehe 5 Mei 1936 Wataliano waliingia Addis Ababa. Tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili, Haile Selassie aliingia tena mjini mwake, na Waethiopia wanaiadhimisha siku hiyo mpaka leo kama siku ya ushindi wa wazalendo wao. Ni miaka minne kabla ya Uholanzi. Na nani aliyefungua njia ya kusini? Vikosi vilivyotoka Kenya, KAR wakiwemo, pamoja na Wanaijeria na watu wa Gold Coast na Wasauzi: Kismayu tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Na wazalendo wa Ethiopia wenyewe walikuwa wamepigana milimani miaka yote mitano. Mji mkuu wa kwanza kukombolewa katika vita ile uko Afrika, kaka, na watu wa nyumbani walikuwepo. Baadaye KAR hao wakapelekwa Madagascar, halafu Burma, ambako Desemba 1944 divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Kalewa kando ya mto Chindwin, baada ya kulipita bonde la Kabaw lenye malaria na matope.

Kwa hiyo mwaka ule nilipokuwa zamu nilijiwekea kanuni. Kila kituo cha Afrika kilichoniita nilikipa namba zake na kukikumbusha 5 Mei ile nyingine. Baadhi waliona nawachelewesha. Mmoja wa Afrika Kusini alishukuru, akasema hakuna aliyewahi kumtajia.

Halafu akaniita Mtaliano. Nikamwambia na yeye. Sijui ni ushetani gani uliniingia, maana foleni ilikuwa ndefu na mwenzangu hemani alikuwa ananikonyeza nimalize. Mtaliano akakaa kimya kidogo, nikadhani ameniacha. Kisha akasema babu yake alitekwa katika vita hiyo, akafungwa Kenya, na alikuwa miongoni mwa mateka waliojenga barabara ya kushuka bondeni. Akaniuliza kama naijua kanisa dogo la njiani. Kaka, wewe wa Nakuru umelipita mara ngapi hilo, pale Mai Mahiu chini ya mteremko? Wataliano wale walilijenga mwaka 1942. Nikamwambia nimelipita kwenye basi nikiwa msichana, sikujua ni la nani.

Hiyo ndiyo sababu nakerwa na vituo vingi vya kumbukumbu. Vina kolisaini nzuri, vina kadi ya rangi yenye kifaru mbele, na mwendeshaji hasemi lolote zaidi ya "five-nine, anayefuata". Wapo wanaojivunia idadi ya watu waliowajibu kwa saa kama wanauza nyanya za jumla. Mtu akikuuliza hiyo namba 80 ni ya nini, mpe dakika moja. Wa foleni watangoja. Na wewe ukiulizwa "miaka 80 ya uhuru", si lazima ujibu asante. Mtajie Sétif. Kwa adabu, kwa sentensi moja, halafu mpe ripoti yake ya nguvu za mawimbi. Siasa za leo hazijadiliwi hewani lakini historia haijakatazwa.

---

Mwana_Bukavu

Jambo sana kwenu wote. Dada amewasahau Wakongo, acha nimkumbushe bila hasira.

Vita hiyo ya Ethiopia, Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, walitoka Kongo wakavuka Sudan, askari wetu na wapagazi wetu, wengi kwa miguu. Walipigana Asosa na Gambela, na tarehe 3 Julai 1941 kule Saio, ambako leo panaitwa Dembidolo, Jenerali Gazzera wa Italia alisalimu amri mbele ya Jenerali Gilliaert wa Wabelgiji. Wabelgiji wakati huo nchi yao yenyewe ilikuwa imetekwa, jeshi kubwa walilobaki nalo la kupigana ni la watu wetu.

Na kwa kuwa ninyi ni watu wa redio: mwaka 1943 ndio mtambo wa mawimbi mafupi wa kilowati 50 ulipoanza kazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, ukirusha matangazo ya Wabelgiji huru kwenda Ubelgiji iliyotekwa. Mwaka huohuo ng'ambo ya mto, Brazzaville, Wafaransa wa de Gaulle nao wakapata wao wa nguvu hiyohiyo. Basi Mbelgiji aliyejificha chini ya ngazi na redio yake mwaka 1943 aliweza kuwa anasikiliza mto Kongo. Ninyi mnaosikia kolisaini za Ubelgiji zenye 80, waambieni hilo. Kolisaini za huku zinaanza na 9Q, lakini mwaka mzima naweza nisisikie hata moja. Leseni na umeme, mnajua wenyewe.

---

BahariaKilindini (Mombasa)

Salaam aleikum wanangu. Mimi nilikuwa mtu wa redio melini, enzi za Morse, kabla satelaiti hazijatupokonya kazi mwaka 1999. Nimesoma kuhusu zile dakika mbili nikatabasamu. Kwetu baharini kunyamaza kulikuwa sheria. Kwenye kilohezi 500 kila nusu saa mnanyamaza dakika tatu, dakika ya 15 na ya 45, meli zote duniani, ili kama kuna anayezama asikike. Saa ya ukutani ilipakwa rangi nyekundu sehemu hizo. Kwa hiyo mtu wa redio asiyejua kunyamaza si mtu wa redio.

Nataka kumuunga mkono bibie wa Pangani katika hili la wasikilizaji. Meli yetu iliwahi kutia nanga St Helier, kisiwa cha Jersey. Visiwa vile vya mfereji ndiyo ardhi ya Uingereza iliyotekwa na Wajerumani, tangu 1940, na vikaachiwa tarehe 9 Mei 1945, siku moja baada ya Ulaya kumaliza. Huko redio zilipigwa marufuku Juni 1942. Watu wakatengeneza za kioo, na visikilizio wakavitoa kwenye simu za barabarani, mpaka vibanda vya simu vikabaki na mikono mitupu. Guernsey kulikuwa na watu waliosikiliza BBC usiku na kuzichapa habari kwenye karatasi nyembamba asubuhi. Walisalitiwa mwaka 1944, wakapelekwa bara, na si wote waliorudi. Jersey kuna padri mmoja, Canon Clifford Cohu, kosa lake lilikuwa kuwapa wagonjwa hospitalini habari za BBC. Alifia kambini Ujerumani Septemba 1944. Kwa habari za redio tu. Kwa hiyo ukisikia tarehe 9 Mei vituo vya GJ au GU, au GB kutoka visiwa hivyo, wape sikio la heshima.

Na upande wa pili pia kulikuwa na wasikilizaji. Vita ilipoanza 1939 Uingereza iliwanyang'anya wanaredio wa ridhaa mitambo yao ya kurushia, hawakurudishiwa leseni mpaka 1946. Lakini vipokezi walibaki navyo, na serikali ikawaajiri kimyakimya baadhi yao wakae majumbani kwao usiku wanaandika Morse ya Wajerumani, herufi tupu zisizo na maana kwao. Karatasi walizituma kwa posta, Box 25, Barnet, na kutoka hapo zikafika kwa wavunja misimbo wa Bletchley. Wake zao wengine hawakuambiwa ni kazi gani.

Sasa la vitendo, kijana wa Tanga, maana wazee tunapenda hadithi tukasahau swali. Ukituma barua ya kadi, usiandike kolisaini nje ya bahasha. Andika jina na anwani kama barua yoyote. Duniani kote wenye vidole virefu wanajua kolisaini ina maana ndani kuna dola ya stempu.

---

Waya_Mwembeni

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dada, nimekaa nikaandika, naomba uitazame kabla sijaituma:

"Tarehe 4 Mei 2025, saa 17:52 UTC, 14.2 MHz, SSB, Tanga, Tanzania. Kipokezi Tecsun PL-330, waya wa mita 15. Sauti 5 kwa 7, inafifia polepole. Ulikuwa unazungumza na kituo cha Israeli kilichoanza na 4X. Nilisikia pia tangazo lako la kunyamaza na nikasikia mliponyamaza, 18:00 hadi 18:02 UTC. Masafa yalikuwa safi."

Je, hilo la kunyamaza niliache au nilitoe? Naona kama naripoti kitu ambacho hakikurushwa.

Na swali la pembeni: nikitaka leseni yangu, nianzie wapi?

---

Bi_Masafa

Liache, na uliandike juu kabisa. Wana ripoti mamia za five-nine. Sidhani wana hata moja ya mtu aliyesikia zile dakika mbili akiwa Tanga, kilomita 7,000 hivi.

Rekebisha mawili. "14.2 MHz" haitoshi, soma namba zote kwenye kioo, ziandike mpaka kilohezi. Na kolisaini ya yule wa 4X iandike nzima, hata kama herufi moja huna uhakika nayo weka alama ya kuuliza. Wakiona dakika na herufi tatu watampata daftarini. Tuma kwa bahasha kama alivyosema mzee, ukiweka nyingine ndani yenye anwani yako. Kama nauli ya posta ni nzito, weka ripoti hiyohiyo eQSL, tovuti ya kadi za mtandaoni, kule wasikilizaji wana sehemu yao.

Leseni ni TCRA. Ila kabla ya kwenda, tafuta mtu mwenye 5H3 karibu nawe, umwombe ukae naye jioni moja mezani kwake. Jifunze Morse hata kama hawaiulizi siku hizi. Na jirani mwambie ukweli kuhusu ile kamba, maana siku utakapoanza kurusha kwa wati 100 itabidi asianike kitu.

---

MtuWaNakuru

Jumapili nilipita Mai Mahiu nikasimama kwenye hilo kanisa. Ni dogo kweli, mlango ulikuwa wazi. Nimepiga picha. Dada, yule Mtaliano wako ana ukurasa QRZ? Nimtumie.

---

Bi_Masafa

Anao. Angalia ujumbe wako wa faragha.